Samani za Waamish

Samani za Waamish ni meza, viti, vitanda, kabati na vyombo vingine vya nyumbani vinavyotengenezwa kwa mbao ngumu katika karakana za Waamish, jumuiya ya Wakristo wa Marekani na Kanada wanaojulikana kwa mavazi ya kizamani, magari ya farasi na kutotumia umeme wa gridi ya taifa. Samani hizo huuzwa hasa kwa watu wasio Waamish, nazo zina sifa ya kudumu miaka mingi hata kurithiwa.

Bei yake kwa kawaida ni kubwa kuliko ya samani za kiwandani. Hata hivyo jina la Waamish peke yake linaeleza tu ni nani aliyetengeneza. Halisemi ni mti gani uliotumika, vipande vimeunganishwa namna gani, wala kama samani itafaa hali ya hewa ya nyumba itakayowekwa. Hayo mnunuzi hana budi kuyaangalia mwenyewe.

Asili ya kazi hiyo

Waamish walitokea Uswisi na Alsace mwaka 1693, wakati Jakob Ammann na wafuasi wake walipojitenga na Waanabatisti wenzao, ambao leo huitwa Wamennonite. (Wamennonite wanafahamika Afrika Mashariki, kwa sababu wamisionari wao kutoka Pennsylvania walifika Shirati, katika mkoa wa Mara wa leo, mwaka 1934. Waamish wa mapokeo ya kale kwa kawaida hawatumi wamisionari.) Katika karne ya 18 Waamish walianza kuhamia Pennsylvania. Mwaka 2024 idadi yao, pamoja na watoto, ilikadiriwa kuwa karibu 400,000, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi katika majimbo ya Ohio, Pennsylvania na Indiana. Nyumbani huzungumza lahaja ya Kijerumani.

Kwa vizazi vingi kazi yao kuu ilikuwa kilimo. Mafundi seremala walikuwepo, ila kazi yao haikuwa ndiyo tegemeo la jumuiya. Hali ilibadilika hasa tangu miaka ya 1970. Familia za Waamish ni kubwa, na idadi yao huongezeka mara mbili katika kila miaka 20 hivi, huku bei ya ardhi ikipanda. Haikuwezekana tena kumpa kila kijana shamba. Baadhi waliajiriwa viwandani, lakini viongozi wengi wa makanisa hawakufurahia kuona baba akiondoka alfajiri na kurudi jioni, watoto wakikua bila kumwona akifanya kazi. Karakana iliyojengwa nyuma ya nyumba ikawa suluhisho. Leo wilaya ya Holmes, Ohio, ina mamia ya karakana za samani, nyingi zikiwa na wafanyakazi wachache tu, mara nyingi ndugu na jirani.

Watoto wa Waamish huacha shule baada ya darasa la nane. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali haki hiyo mwaka 1972 katika kesi ya Wisconsin v. Yoder. Sheria za kazi, hata hivyo, zilikataza watoto chini ya miaka 18 kufanya kazi mahali penye mashine za mbao, kwa sababu ya hatari ya misumeno na randa za mashine. Mwaka 2004 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria hiyo ili vijana wa miaka 14 hadi 17 wa jumuiya za namna hiyo waweze kufanya kazi karakanani, mradi wasimamiwe na mtu mzima wa familia au wa dini yao, walindwe dhidi ya vipande vinavyoruka, kelele na vumbi, na wasiendeshe mashine wenyewe. Waliopinga waliona usalama wa watoto unalegezwa. Waliounga mkono walisema kijana aliyemaliza shule akiwa na miaka 14 hana pengine pa kujifunza ufundi wa wazazi wake. Yeyote anayenunua kiti cha Waamish ananunua pia matokeo ya mvutano huo.

Nyumbani kwao wenyewe

Waamish wengi hawana majengo ya kanisa. Ibada hufanyika nyumbani kwa waumini kwa zamu, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili. Mabenchi marefu yasiyo na egemeo hubebwa kwa gari la farasi kutoka nyumba moja hadi nyingine, na baada ya ibada mabenchi hayohayo huweza kuunganishwa yakawa meza za chakula. Nyumba inayopokea watu wengi kiasi hicho inahitaji samani chache, imara, zinazohamishika. Samani zinazotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ni jambo lingine: nyingi zimepambwa zaidi na kung'arishwa zaidi kuliko zile anazotumia fundi mwenyewe.

Mitindo nayo si ya Waamish pekee. Ule unaoitwa Mission, wenye mistari iliyonyooka na vibao vya wima, ulienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia watengenezaji kama Gustav Stickley. Mtindo wa Shaker unatokana na kundi lingine kabisa la Wakristo, ambao waanzilishi wao walifika Amerika kutoka Uingereza mwaka 1774 na ambao hawakuoa wala kuolewa. Watu wengi huchanganya Washaker na Waamish, lakini hawana asili moja. Kitu kinachohusishwa sana na Waamish ni kiti cha kubembea cha hikori: fimbo za mti huo hulainishwa kwa mvuke, hupindwa katika kalibu, kisha huachwa zikauke zikiwa na umbo hilo.

Maana ya "kazi ya mkono"

Wageni hutarajia kumkuta fundi mwenye patasi na taa ya mafuta. Hali halisi ni tofauti. Kila kanisa la mahali lina kanuni zake, ziitwazo Ordnung, zinazoamua teknolojia ipi inakubalika. Makanisa mengi hukataa umeme wa gridi lakini hukubali injini ya dizeli. Injini hiyo huwekwa kibandani nje ya karakana, nayo huzungusha mhimili mrefu wenye mikanda, au huendesha pampu ya mafuta au kompresa ya hewa. Msumeno wa meza, randa ya mashine, keekee na mashine ya msasa hufungwa mota za hewa au za mafuta badala ya mota za umeme. Makundi yenye msimamo mkali huruhusu kidogo zaidi ya misuli, na mengine huruhusu mengi.

Kwa hiyo "kazi ya mkono" hapa haina maana ya kutotumia mashine. Maana yake ni kwamba fundi mmoja au wachache huchagua mbao, hupatanisha rangi na nyuzi za mbao zinazokaa pamoja, na hufuata kipande chao hadi mwisho. Hata hilo lina kiasi, maana karakana nyingi zimegawana kazi. Moja hukereza miguu ya meza tu, nyingine hutengeneza viti tu, nyingine hupaka rangi na vanishi kazi za wenzao. Kabati moja linaweza kupita mikononi mwa familia tatu kabla ya kufika dukani.

Kuchagua mti

Katika biashara ya mbao, "mbao ngumu" ni zile za miti yenye majani mapana, kama ilivyo kwa mninga na mvule, na "mbao laini" ni za miti ya jamii ya misonobari. Mgawanyo huo ni wa kibotania. Haupimi ugumu wenyewe. Ugumu hupimwa kwa njia ya Janka: hupimwa nguvu inayotakiwa kuzamisha mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake ndani ya mbao.

Hikori (Carya) ndiyo ngumu kuliko miti ya kawaida ya Waamish, takriban nyutoni 8,100. Rangi yake huchanganya weupe na kahawia katika ubao uleule. Wengine huipenda kwa sababu hiyo na wengine huiepuka kwa sababu hiyohiyo. Mepo ngumu (Acer saccharum), jamaa wa mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, ina takriban nyutoni 6,400, nyuzi zake ni laini kuonekana, nayo hufaa meza ya jikoni. Mwaloni mweupe (Quercus alba) unafikia 6,000 na mwaloni mwekundu (Quercus rubra) 5,700. Mwaloni una vinyweleo vikubwa vinavyoonekana kwa macho, kwa hiyo mikwaruzo midogo haionekani sana juu yake. Familia yenye watoto wadogo inaweza kuona faida hiyo kuliko takwimu yoyote ya ugumu.

Mjozi mweusi (Juglans nigra), takriban 4,500, na mcheri mweusi (Prunus serotina), takriban 4,200, ni laini zaidi lakini kwa kawaida ni miongoni mwa miti ya bei ya juu, kwa sababu ya rangi. Kalamu ikikandamizwa kwenye karatasi juu ya meza ya mcheri inaweza kuacha alama ya maandishi. Kwa kitanda au kabati la nguo hilo halina shida. Kwa meza ambayo watoto watafanyia kazi za shule ni jambo la kufikiriwa.

Majina mawili huwapotosha wanunuzi zaidi ya mengine. La kwanza ni "mepo ya kahawia". Hii si mepo ngumu yenye rangi nyingine, bali ni mepo laini, hasa Acer rubrum, yenye ugumu unaokaribia ule wa mcheri. Ni mbao nzuri, hupokea vizuri rangi za giza, na bei yake ni nafuu, lakini asiyejua hudhani amenunua ile ngumu. La pili ni neno "cheri" linapotumika kutaja rangi. "Meza ya rangi ya cheri" inaweza kuwa ya mepo au mti mwingine wowote uliopakwa rangi nyekundu. Swali la kuuliza ni moja: mbao yenyewe ni ya mti gani, na je, ni ileile katika miguu, fremu na uso wa meza?

Mbao na unyevu

Mbao hupokea na kutoa unyevu wa hewa hata baada ya miaka mia. Ikipokea hupanuka, ikitoa husinyaa, na mabadiliko hayo hutokea katika upana wa ubao. Kwa urefu karibu hayapo. Mbao za samani za Marekani hukaushwa katika tanuri hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8, kiwango kinachofaa nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi.

Namna gogo lilivyopasuliwa ina uzito mkubwa hapa. Uso wa meza ya mwaloni mwekundu wenye upana wa mita 1, uliopasuliwa kwa njia ya kawaida, hupanuka takriban milimita 15 unyevu wake ukiongezeka kwa asilimia 4. Mbao zilizopasuliwa kutoka robo za gogo, yaani pete za mti zikisimama wima ndani ya ubao, hupanuka takriban milimita 6 tu. Upasuaji wa robo hupoteza mbao zaidi, ndiyo maana bei yake iko juu. Katika mwaloni mweupe huleta pia michirizi inayong'aa ambayo wapenzi wa mtindo wa Mission huitafuta.

Seremala mzuri hapambani na mwendo huo, huupa nafasi. Ubao wa katikati wa mlango wa kabati hukaa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, ili uweze kutanuka na kurudi. Uso wa meza hushikizwa kwenye fremu kwa vibao vinavyoteleza, au kwa skurubu zilizopita katika matundu marefu. Uso mpana uliogundishwa kwenye fremu pande zote utapasuka siku moja, hata kama mti ni wa thamani namna gani.

Kukagua viungo

Meza au kiti kinapaswa kuangaliwa kwa chini kabla ya kuangaliwa kwa juu. Viti vingi huharibika pale miguu inapokutana na kikalio, au pale vijiti vya kati vinapoingia miguuni. Kiungo cha kutafuta ni kile ambacho kipande kimoja kina ulimi unaoingia ndani ya tundu la kipande kingine na kushikwa kwa gundi, kwa sababu eneo la kugusana ni kubwa. Misumari peke yake hulegea. Njia ya kujaribu ni rahisi: kukaa, kuegemea nyuma, kujisogeza kushoto na kulia, na kusikiliza.

Droo huonyesha upesi utaratibu wa karakana. Pembe zake zinapaswa kuumana kwa meno yanayopanuka kuelekea mwisho, mfano wa mkia wa njiwa, ambayo hayachomoki droo inapovutwa hata kama gundi imekwisha. Meno yaliyo sawasawa kabisa yamekatwa kwa mashine, na hilo si kasoro. Droo ivutwe hadi mwisho na kusukumwa kwa kidole kimoja cha upande. Ikikwama sasa, itakwama zaidi majira ya unyevu.

Ili kujua kama ubao ni mzima au ni mbao hafifu iliyobandikwa utando wa mti mzuri, mtu aangalie ncha yake. Katika ubao mzima, mistari ya uso hushuka kwenye ncha na kuendelea kama sehemu za pete za mti. Katika utando, mistari hukatika ghafla ukingoni au ncha imefunikwa kwa ukanda. Lakini plaiwudi kwenye mgongo wa kabati au chini ya droo si udanganyifu. Haitanuki kama ubao mzima, na mafundi wengi waangalifu huitumia huko kwa makusudi.

Meza nyingi za Waamish hurefushwa kwa mbao za akiba zinazoingizwa katikati. Meza ya namna hiyo ikaguliwe ikiwa imefunguliwa yote, mbao zote zikiwa ndani, kwa kuwa ndipo udhaifu wa reli na miguu hujitokeza.

Kuhusu umaliziaji, wengi hudhani ni mafuta yaliyosuguliwa kwa kitambaa. Karakana nyingi hupuliza vanishi iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha. Tabaka lake hustahimili maji na kikombe cha moto kuliko mafuta, ila likikwaruzwa sana ni vigumu kutengeneza sehemu moja bila kupaka upya uso mzima.

Kununua

Ni wachache wanaonunua karakanani moja kwa moja. Maduka mengi ya mjini na yale ya kwenye intaneti huendeshwa na watu wasio Waamish, wanaopokea oda na kuzipeleka kwa mafundi. Hilo si baya, lakini huongeza umbali kati ya mnunuzi na anayejua kazi ilivyofanyika. Hakuna mamlaka ya serikali ya Marekani inayothibitisha samani kuwa "za Waamish", hivyo duka linapaswa kuweza kusema angalau karakana iko wilaya gani. Muuzaji mwaminifu hukubali kuandika kwenye oda mti wa kila sehemu, unene wa uso, aina ya viungo vya droo na vanishi, pamoja na nani atakayelipia matengenezo kiungo kikilegea. Samani nyingi hutengenezwa baada ya kuagizwa, na kusubiri miezi kadhaa ni kawaida.

Anayekwenda karakanani mwenyewe atakuta pamefungwa Jumapili na siku ya Kupaa kwa Bwana. Simu mara nyingi iko katika kibanda cha nje, kwa hiyo ujumbe unaweza kujibiwa kesho yake. Waamish wengi hawapendi kupigwa picha za uso. Kupiga picha ya kiti hakuna tatizo, lakini ni adabu kuuliza kwanza.

Kusafirisha na kutunza

Watu wanaoishi Marekani na kupeleka vyombo Afrika Mashariki kwa kontena wanapaswa kukumbuka habari ya unyevu. Katika hewa ya pwani yenye unyevunyevu wa asilimia 75 hadi 80, kama ya Mombasa au Dar es Salaam, mbao hatimaye hufikia unyevu wa takriban asilimia 14 hadi 16, karibu mara mbili ya ule ziliotoka nao karakanani. Milango ya kabati itabana na droo zitakwama. Inasaidia kumweleza fundi mapema samani inakokwenda ili aache nafasi kubwa zaidi, kuchagua mbao za robo, na kupaka vanishi pande zote, hata chini ya meza pasipoonekana.

Mwanga nao hubadilisha mbao. Mjozi hufifia kadiri miaka inavyopita, na mcheri huiva kutoka waridi hafifu hadi wekundu wa kahawia, kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Chombo kilichoachwa mahali pamoja juu ya meza mpya ya mcheri kitaacha kivuli cha umbo lake. Mbao za akiba za meza hiyo, zikifungiwa kabatini tangu siku ya kwanza, zitatoka siku ya wageni zikiwa na rangi tofauti na meza. Ni afadhali ziwekwe mezani, au zianikwe chumbani mwanga unapofika, mpaka rangi zilingane.